Maradhi Yaliyopita Njia za Hija na za Misafara

 

Wakubwa wa Jumuiya wamenitaka niandike kurasa chache katika kijitabu hiki cha ukumbusho, nao wameniachia nichague jambo la kuandika. Ndugu mmoja ameandika khabari za kujengwa msikiti wetu, na mwingine khabari za madrasa. Mimi nimechagua khabari za maradhi. Yamkini msomaji ataona kuwa hilo silo jambo la kutiwa katika kitabu cha furaha. Lakini sababu yangu ni hii. Mwezi wa Machi mwaka 2020, tulipokuwa barazani hapa Buyenzi baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, twasikia Umra imezuiwa na Makka imefungwa kwa ajili ya maradhi. Je, jambo hili limepata kuwa?" Nikamjibu mbele ya watu, kwa sauti ya mtu ajuaye, kuwa halijapata kuwa. Nilikosea. Baadaye nilivifungua vitabu, nikawauliza na wanaojua kuliko mimi, nikaona jinsi jibu langu lilivyokuwa la ujinga. Haya niyaandikayo leo ndiyo niliyopaswa kumjibu usiku ule.

Kwanza, Hija imepata kukatika mara nyingi kwa vita, kwa njaa na kwa hofu ya njiani. Mwaka wa 317 Hijria, ndio mwaka 930, Makarmati waliwaua mahujaji ndani ya Msikiti Mtukufu, wakalichukua Jiwe Jeusi, wakakaa nalo miaka zaidi ya 20. Lakini hayo ni mambo ya panga. Ama maradhi yana khabari zake.

Kila mwanafunzi wa madrasa amesikia khabari za tauni ya Amwasi. Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, Sayyidna Umar alitoka Madina akienda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na majemadari wake, na miongoni mwao Abu Ubaida bin al-Jarrah, wakamwambia kuwa tauni imeingia Sham. Akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arejee na watu. Abu Ubaida hakuridhika, akauliza kama huko si kuikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa wanatoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari Yake vile vile, na akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeshukia bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika shauri lile, akawakhabirisha aliyoyasikia kwa Mtume, ya kuwa nchi iliyoingiwa na tauni isiingiwe, na aliyemo ndani yake asitoke kwa kuikimbia.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokomea tunapotoa mawaidha. Twasema: "Tazameni, karantini ni yetu tangu zamani," kisha twashuka mimbarini. Nami nimefanya hivyo mara kadha wa kadha. Lakini khabari haikuishia pale. Wale walioambiwa wasitoke walikuwa ni watu, tena walikuwa wakifa. Yasimuliwa kuwa Umar alimwandikia Abu Ubaida barua ya kumwita Madina, naye akatambua kuwa makusudio ya barua ile ni kumtoa katika hatari. Akakataa kuwaacha askari wake. Ndipo Umar akamwandikia tena awahamishe watu kutoka nchi ya bondeni yenye unyevu, awapeleke nchi ya juu yenye hewa njema. Abu Ubaida akafa, akafuatia Muadh bin Jabal, na baada yao Amr bin al-Aas akawatawanya watu milimani hata tauni ikaondoka. Wanahistoria husema waliokufa walikuwa kiasi cha 25,000. Basi, pamoja na amri ya kutotoka, palikuwapo kiongozi aliyekaa pamoja na waliozuiwa, na palikuwapo shauri la kuwaponya. Sehemu hii ya pili ndiyo ninayotaka msomaji aishike, maana nitairejea.

Na ile hoja ya kuwa mkusanyiko wa kuomba dua haudhuru, nayo ina khabari yake. Imam Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya tauni, na yeye mwenyewe alifiwa na mabinti zake watatu kwa maradhi hayo. Ameandika kuwa mwaka 833 Hijria, ndio 1430, tauni iliingia Kairo, na waliokufa kwa siku walikuwa hawafiki 40. Watu wakaamrishwa wafunge siku 3, kisha wakatoka kwenda jangwani wote pamoja kuomba. Mwezi haukumalizika ila waliokufa kwa siku walipita 1,000. Aliyeandika haya si daktari wa Kizungu; ni yule yule ambaye sherehe yake ya Bukhari twaisomesha.

Sasa nije katika karne ya 19, kwa kuwa hapo ndipo maradhi yalipoanza kuuzunguka ulimwengu kwa mwendo wa meli za moshi. Kipindupindu kilikuwa kikikaa Bengali, katika nchi ya Hindi. Mwaka 1817 kilianza kutoka na kusafiri, na mwaka 1831 kikaingia Makka. Maradhi haya humkausha mtu maji ya mwili kwa kuhara na kutapika, hata mtu aliyeamka mzima huweza kuwa maiti kabla ya jua kuchwa. Katika Hija ya mwaka 1865, yaani Dhulhija ya 1281, yakadiriwa kuwa kati ya mahujaji 90,000 walikufa kiasi cha 15,000. Waliobaki wakapanda meli kurejea makwao. Mwezi wa Mei meli zikafika Suez, na kutoka hapo maradhi yakapita Misri mpaka Aleksandria, na kwa muda wa miezi michache yakawa Istanbul, na Marseille, na miji mingine ya Ulaya.

Ulaya ikatetemeka. Mwaka 1866 wajumbe wa dola walikutana Istanbul kwa muda wa miezi mingi, wakakubaliana kuwa asili ya maradhi ni Hindi, na kuwa mahujaji ndio miongoni mwa wanaoyachukua zaidi. Ufaransa ikataka njia ya bahari kati ya bandari za Hijazi na Misri ikatwe kila maradhi yatokeapo Makka, na mahujaji wapite jangwani. Uingereza nayo ilichelea kila amri iwezayo kuzuia biashara yake ya Hindi. Ukisoma mashauri yao utaona mizani ile ilivyokuwa: bidhaa zilikuwa na wakili wa kuzisemea, lakini hujaji maskini wa Bengali au wa Java, aliyelazwa juu ya sitaha kama gunia, hakuwa na wakili.

Mwaka 1882 dola ya Kituruki ilifungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen. Meli zilizochukua mahujaji kutoka upande wa kusini wa Bahari ya Sham zilisimamishwa hapo. Upande wa kaskazini kilikuwapo kituo cha El Tor katika Sinai. Sisemi kuwa vituo vile havikuwa na faida. Maradhi yalikuwa ya kweli, na waliokufa walikuwa wengi. Lakini mahujaji wengi walilalamika. Walizuiwa siku nyingi katika jua kali la kisiwa kikavu, wakatozwa ada ya karantini wasiyoiomba, na nguo zao zikafukizwa mpaka zikaharibika. Aliyekuwa na fedha alijua namna ya kupita haraka. Asiyekuwa nazo alikaa, na akiba yake ya kula Makka ikaishia Kamaran.

Mwaka 1893 kipindupindu kikarejea Hija kwa ukali, wakafa watu kwa maelfu mengi. Madola yakakutana tena Paris mwaka 1894, amri zikazidishwa. Na mwaka 1895 watu wenye silaha waliwashambulia makonseli wa kigeni nje ya mji wa Jedda, akauawa Dk. Abdur Razzack, naibu wa konseli wa Kiingereza. Khabari za siku zile zilitaja hasira juu ya vituo vya kufukiza na hospitali vilivyowekwa kwa ajili ya mahujaji. Nimeisoma khabari hii zaidi ya mara moja, na kila mara imenihuzunisha, kwa kuwa Dk. Abdur Razzack alikuwa Mwislamu wa Hindi, tabibu aliyefuatana na mahujaji miaka mingi na kuandika juu ya maji yao na uchafu wa meli zao. Aliuawa yule aliyewajali. Dhulma ya miaka mingi ilikuwa imewafanya watu wasiweze tena kupambanua kati ya tabibu na mtoza ada.

Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi tulio kando ya ziwa Tanganyika, mbali na bahari? Yatuhusu sana. Kipindupindu kile kile cha Makka hakikwenda kaskazini tu. Dk. James Christie, Mskoti aliyekuwa tabibu wa Sultani wa Unguja, alifuatia nyayo zake, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1876. Aliwauliza wafanya biashara, manahodha na viongozi wa misafara, akaonyesha kuwa maradhi yalivuka Bahari ya Sham mpaka Uhabeshi, yakateremka kwa njia za bara mpaka Umasaini, na kutoka huko yakashuka pwani kwa njia ya Pangani. Mwisho wa mwaka 1869 yakaingia Unguja. Watu wa mjini wakafa kwa maelfu, na watumwa na wapagazi ndio waliokufa zaidi, maana wao walikuwa wakinywa maji ya visima vya mabondeni na kulala wamesongamana.

Kisha misafara ikayachukua kuyapandisha bara. Dk. Livingstone alikuwa Manyema mwaka 1870 khabari za kipindupindu zilipomfikia, na katika wapagazi waliotumwa kutoka Unguja kumpelekea vitu, baadhi yao walikufa njiani kwa maradhi hayo. Njia ile ya Unguja, Bagamoyo, Tabora na Ujiji ndiyo njia waliyopita wazee wetu wengi, na kwayo Kiswahili na Uislamu vilifika Ujiji na Rumonge na hapa Usumbura. Tukiisifu njia ile katika kitabu hiki kwa mema iliyotuletea, haifai tuyafiche mengine yaliyopita humo, wala tusiwasahau wapagazi waliotupwa kando ya njia wakiwa hai bado kwa kuwa msafara haukuweza kungoja. Wale hawakuoshwa wala hawakusaliwa, na majina yao hayajulikani.

Wakati ule dawa haikujulikana. Mwaka 1854 tabibu John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha mjini London kuwa kipindupindu hupita katika maji ya kunywa, lakini wengi waliendelea kushikilia kuwa kinatokana na hewa mbovu. Mwaka 1884 Koch, Mjerumani, alikithubutisha kijidudu chake. Katika miaka hiyo ya 1880 Sayyid Barghash alijenga mifereji ya kuleta maji ya chemchem mpaka mjini Unguja, na kwa rai yangu jambo hilo lilifaa kuliko karantini nyingi. Ama tiba, ilikuja kuwa nyepesi kupita alivyoweza kudhani mtu. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bengali, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mshipani, akawapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyotiwa sukari na chumvi kwa kipimo, na jamaa zao wenyewe ndio waliowanywesha. Waliokuwa wakifa kiasi cha 30 kwa kila 100 wakapungua hata wasifike 4.

Pamoja na ujuzi huo, maradhi haya hayajatuacha. Yaliingia Burundi mwaka 1978. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka kuingia Goma, walikufa makumi ya maelfu kwa mwezi mmoja kwa kipindupindu na kuhara damu, juu ya mawe meusi ya volkeno ambayo hata kaburi halichimbiki. Na tarehe 1 Januari 2023 serikali yetu ilitangaza kipindupindu hapa Bujumbura. Sukari na chumvi zipo. Kinachokosekana ni maji safi, na mtu wa kumfikia mgonjwa kabla ya kupita saa zake.

Nimekwisha kuandika mengi, na bado sijalifikia lile lililonifanya niandike.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona imeenea ulimwengu mzima. Makka ilikuwa imekwisha kuwafungia wageni Umra tangu mwisho wa Februari. Hija ya mwaka ule walihiji watu kiasi cha 1,000 tu, wote wakiwa tayari ndani ya Saudia, ilhali mwaka wa kabla yake walikuwa karibu 2,500,000. Rwanda na Uganda zilifunga misikiti na makanisa. Hapa Burundi, wagonjwa wa kwanza walitangazwa tarehe 31 Machi, lakini misikiti haikufungwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walitwambia kuwa tumebahatika. Mimi naona tulipewa mtihani mwingine, kwani mwenye kufungiwa hana la kuamua, nasi maimamu tuliachiwa tuamue wenyewe.

Nami niliamua vibaya. Nilisema mimbarini kuwa msikiti hauambukizi, na kwamba safu ziungane kama kawaida. Sikuwa nimekisoma kitabu cha Ibn Hajar. Palikuwa na mzee mmoja fundi cherahani, mtu wa safu ya kwanza, ambaye hakupata kukosa sala ya Alfajiri miaka mingi. Alinijia akaniuliza kama yafaa asali nyumbani, kwa kuwa kifua chake si kizima. Nilimwambia: "Mzee wangu, nani amekufa kwa kuja msikitini?" Akacheka, akaendelea kuja.

Mwezi wa Juni hakuonekana kwa siku 4. Nilipokwenda kumzuru nilikuta mlango umefungwa kwa ndani mchana kweupe. Watu wa nyumba yake walikuwa wamemficha. Walikuwa wamesikia kuwa wanaochukuliwa kuwekwa kando wanalazwa mahali pasipo maji ya kutosha, wanatozwa fedha, na kwamba akifa mtu huko hurudishwa amefungwa katika mfuko wala haonwi. Sikuweza kuwalaumu, na wala sikuwa na nyumba nyingine ya kuwaonyesha. Akafa usiku wa pili. Tulimwosha mimi na vijana wawili, mikono mitupu, kwa kuwa glavu hatukuwa nazo na kumwacha bila kuoshwa hatukukubali. Siku chache baadaye mama wa kijana mmojawapo alishikwa na homa na kubanwa na kifua, akafariki. Hawakupimwa, si yeye wala mzee fundi. Sithubutu kusema walikufa kwa nini. Nilikwenda kwa yule kijana nikamwomba radhi, naye akaniambia: "Maalim, tulikuwa pamoja." Hakuongeza neno.

Baada ya hapo tulikaa shauri. Wanazuoni wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kutoa fatwa kuwa panapokuwa na khofu ya madhara maiti huweza kutayamamishwa badala ya kuoshwa, na pakishindikana hata hilo husaliwa tu. Haya katika madhehebu yetu ya Kishafii yana njia yake. Tukayatangaza. Tukawataka wazee na wenye kifua wasali nyumbani. Mzee mmoja akatujibu: "Mnanifukuza msikitini, na chakula changu mtaniletea ninyi?" Maana wengi wao msikiti ndio uliokuwa ukiwapatia sahani ya futari, na sadaka ya Ijumaa, na mtu wa kuwauliza wameamkaje. Neno lake ndilo lililotuamsha. Tukawagawia vijana nyumba, kila kijana nyumba 3, awapelekee maji, unga na dawa kila siku, na akiona mgonjwa atwambie. Mwezi wa Julai serikali mpya iliitangaza korona kuwa adui mkubwa, ikaipunguza bei ya sabuni kwa nusu, ikapunguza na bei ya maji ya bomba la mtaani, na watu wakaitwa kupimwa bure. Milango ikaanza kufunguliwa. Watu wale wale waliokuwa wakificha wagonjwa wakaanza kuja wenyewe kutwambia, na sikumsikia yeyote miongoni mwetu aliyewatolea hotuba mpya.

Chanjo nazo zilichelewa. Uingereza ilianza kuchanja watu wake tarehe 8 Disemba 2020, na nchi tajiri zikanunua kupita haja zao. Burundi ilianza mwezi wa Oktoba 2021, na uvumi ulikuwa umetangulia chanjo. Waliouliza kwangu niliwakumbusha kuwa hujaji haingii Saudia bila ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wala hatukupata kuiona hiyo kuwa ni njama. Wengine walikubali, wengine walikataa, na baadhi ya waliokataa walisema neno ambalo sikuwa na jibu lake: waliokuwa nazo miezi kumi nzima, mbona hawakutukumbuka?

Mwaka 2022 Hija ilirejea, wakahiji kiasi cha milioni moja. Yule kijana aliyeniuliza barazani sasa ni mmoja wa waosha maiti wetu. Huweka glavu katika mkoba wake pamoja na sanda na karafuu maiti, na ile orodha ya nyumba za wazee ingali mkononi mwake, ingawa korona haitajwi tena. Nilimwomba anionyeshe nilipokuwa nikiandika kurasa hizi. Majina 7 yamekwisha kupigwa mstari, na chini yameongezwa mapya 11.